Kiazi cha Makete na nukta iliyokataa kukaa kwenye mstari

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), hapa Iringa. Wiki iliyopita tulifanya jaribio la osmosisi kwa vipande vya viazi mviringo. Nilitengeneza mmumunyo wa mola 1 kwa kutia gramu 342 za sukari kwenye lita moja ya maji, nikauzimua kupata 0.2, 0.4, 0.6 na 0.8, na kimoja nikaweka maji matupu. Vipande vilikaa dakika 40. Kiazi cha jikoni kilitoa vipande vitatu tu, kwa hiyo viwili vya mwisho nilivikata kwenye kiazi nilichotoka nacho nyumbani Makete. Matokeo kwa gramu: maji matupu, 3.1 ikawa 3.5. Kwenye 0.2, 2.4 ikawa 2.6. Kwenye 0.4, 4.0 ikawa 4.1. Kwenye 0.6, 2.2 ikawa 2.3. Kwenye 0.8, 3.6 ikawa 3.3. Kitabu kinasema kiazi huanza kupoteza uzito karibu na 0.3, changu kimeongezeka hata kwenye 0.6. Nimepata alama 8 kati ya 20. Wenzangu walirekebisha namba zao wakapata 17. Je, na mimi nirekebishe kabla madaftari hayajakusanywa tena? Na mtu anayeshindwa jaribio la kiazi anaweza kweli kuwa daktari?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kamwene.

Namba usiziguse. Natanguliza hilo kwa sababu madaftari yanaweza kukusanywa wakati wowote, na nisingependa jibu hili likukute umeshafuta. Kama umefuta, rudishia zile za mwanzo, ziko hapo juu kama ulivyonitumia.

Nimefundisha baiolojia ya kidato cha tano na sita kwa miaka 26, mingi kati ya hiyo hapa Mbeya, na madaftari ya jaribio hili la viazi niliyosahihisha siwezi kuyahesabu. Mengi yalikuwa masafi mno: mstari umenyooka, unakata sifuri palepale kwenye 0.3, nukta zimepangwa juu yake kama shanga kwenye uzi. Yalikuwa yananisikitisha, kwa sababu viazi vya kweli vikipimwa kwa mizani ya kweli havitoi grafu ya namna hiyo. Barua yako imenifurahisha kwa jambo moja kubwa. Umeandika sukari uliipimaje, vipande vilikaa muda gani, na kiazi kipi kilitoka wapi. Umeyaandika hata yale uliyodhani yanakuaibisha. Bila maelezo hayo nisingekuwa na la kukujibu zaidi ya pole. Sasa tunaweza kukaa na namba zako tukazisoma.

Kwanza achana na gramu, nenda kwenye asilimia. Vipande vyako havikulingana, kimoja kilikuwa gramu 2.2 na kingine 4.0. Debe moja la mahindi kwa mwenye magunia hamsini si sawa na debe hilohilo kwa mwenye gunia moja. Gawa badiliko la kila kipande kwa uzito wake wa mwanzo, zidisha kwa 100. Nimekufanyia: maji matupu, ongezeko la asilimia 12.9. Kwenye 0.2, ongezeko la 8.3. Kwenye 0.4, ongezeko la 2.5. Kwenye 0.6, ongezeko la 4.5. Kwenye 0.8, pungufu ya 8.3.

Zitazame tena polepole. Tatu za mwanzo zinashuka kwa mpangilio, kama mtu anayeteremka ngazi. Ya nne inapanda ghafla. Sasa jiulize: kati ya kipande cha tatu na cha nne, ni nini kilichobadilika zaidi ya sukari? Umekwisha kulijibu mwenyewe bila kujua. Kilibadilika kiazi.

Lakini tusikimbilie Makete kabla ya kuangalia vyombo.

Mizani yenu inasoma tarakimu moja baada ya nukta. Ikionyesha 2.2, uzito wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 2.15 na 2.25. Ikionyesha 2.3, ni kati ya 2.25 na 2.35. Kwa hiyo ongezeko lako la 0.1 linaweza kuwa karibu na sifuri, na linaweza pia kuwa karibu na 0.2. Kwa kipande kidogo cha gramu 2.2, hiyo ni tofauti ya kutoka asilimia sifuri hadi 9. Hapo mizani haijakosea, imekwambia yote inayoweza kuyaona. Ile nukta ya 0.6 iliyokunyima usingizi inaweza kukaa karibu kabisa na sifuri bila namba yoyote kubadilishwa. Ndiyo maana jaribio hili hufanywa kwa vipande vikubwa, au kwa vipande vitatu vinavyopimwa kwa pamoja. Vipande vitatu vya gramu 4 ni gramu 12, na hapo kosa la 0.1 halifiki hata asilimia moja.

Kwenye sukari sasa, hapo lipo kosa lako halisi, na nimewahi kulikuta hata kwa walimu wenzangu. Mola 1 ya sukari ya dukani ni gramu 342 ndani ya lita moja ya mmumunyo. Wewe umetia gramu 342 kwenye lita moja ya maji. Yanasikika kama ni kitu kimoja, lakini jaza kikombe cha chai hadi mdomoni kisha utie vijiko vinne vya sukari uone kama haitamwagika. Sukari ikiyeyuka bado inachukua nafasi. Gramu 342 huchukua karibu mililita 210, kwa hiyo ulipata zaidi ya lita 1.2, na ulichokiita mola 1 kilikuwa karibu 0.83. Inayofuata yote ilishuka pamoja nacho: 0.2 yako ilikuwa kama 0.17, 0.4 ilikuwa 0.33, 0.6 ilikuwa 0.5, na 0.8 ilikuwa 0.66. Siku nyingine weka sukari kwanza, tia maji kama mililita 700, koroga mpaka isionekane hata punje, ndipo uongeze maji mpaka yafike kwenye alama ya lita moja.

Chukua sasa vile vipande vitatu vya kiazi cha jikoni peke yake, uvichore upya kwa ukolezi huu uliosahihishwa. Mstari wao unaelekea kukata sifuri karibu na 0.4, na ukikumbuka mipaka ya mizani unaweza kukata hata kwenye 0.33. Kitabu kimesema 0.3. Hukuwa mbali. Kiazi cha jikoni kimefanya kile viazi vingi hufanya, na wewe umekipima vizuri kuliko alama zako zinavyoonyesha.

Kimebaki kiazi cha Makete, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye baiolojia yenyewe.

Seli ya kiazi imezungukwa na utando unaopitisha maji kwa urahisi na kuzuia sukari. Maji huelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Kipande kikikaa bila kuongezeka wala kupungua, maana yake ukolezi wa ndani na wa nje umelingana. Kwa hiyo pale grafu inapokata sifuri panakueleza habari za ndani ya kiazi ulichokishika mkononi. Ile 0.3 ya kitabu ni habari za viazi vilivyopimwa na aliyeandika kitabu. Viazi vyako vina habari zao.

Kiazi cha Makete kina habari gani? Unapajua kwenu kuliko mimi. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, na mabondeni mnaamka mnakuta umande umeganda kwenye nyasi. Kiazi kilichohifadhiwa kwenye baridi ya namna hiyo kwa wiki kadhaa huanza kuvunja wanga wake na kuufanya sukari, glukosi na fruktosi. Hebu fikiria maana yake kwa osmosisi. Punje ya wanga imefunga glukosi nyingi mno pamoja, haiyeyuki, imekaa ndani ya seli kama jiwe ndani ya ndoo, haivuti maji. Ikivunjwa, kila glukosi inakuwa huru, inayeyuka, na kila moja inaongeza ukolezi wa ndani. Kiazi hicho hakijaongezewa kitu kutoka nje, lakini sasa kinavuta maji kwa nguvu zaidi. Ukikiweka kwenye mmumunyo ambao kiazi cha jikoni kingepoteza maji, chenyewe kinaweza kutulia au hata kuongezeka kidogo.

Wakaanga chipsi wanalijua hili bila kupitia maabara. Muulize yeyote pale Mafinga au Makambako. Atakwambia kuna viazi ukivitia kwenye mafuta vinageuka kahawia upesi kabla ya kuiva ndani, na ukionja vina utamutamu. Wengine hulaumu mafuta kuwa yamechoka. Sababu ni ile sukari iliyotokana na baridi: kwenye joto kali la mafuta inaungana na asidi amino za kiazi na kutoa ile rangi. Mkaangaji mzoefu hukata kipande kimoja cha kuonjea kabla ya kununua gunia. Hilo nalo ni jaribio, tena zuri, kwa sababu analifanya kabla ya kutoa pesa yake.

Hata hivyo sukari ni mshukiwa mmoja tu. Kiazi chako kimesafiri kwenye begi, kikakaa bwenini. Kama kilikuwa kinabonyea kidogo ukikiminya, basi kilikuwa kimepoteza maji, na kiazi kilichonyauka kina kiu kuliko kibichi, kitavuta maji hata mahali ambapo kingine kingetulia. Mshukiwa wa tatu ni kukausha. Hukuniambia ulivikaushaje vipande kabla ya kuvipima mara ya pili, na wanafunzi wengi hawasemi kwa sababu wanaona ni jambo dogo. Kipande kinachotoka kwenye maji matupu kimelowa maji. Kinachotoka kwenye 0.6 kimepakwa shira, na shira inanata, haiondoki kwa kupanguswa mara moja. Tone moja lina uzito wa karibu gramu 0.05. Matone mawili yaliyojificha kwenye kona za kipande yanatosha kutengeneza ile 0.1 yako yote.

Mimi niko Mbeya, kiazi chako sijakiona. Sitakwambia ni sukari, wala ni kunyauka, wala ni shira. Nitakuwa nafanya kosa lilelile la wenzako, la kuchagua jibu kwanza na kulitafutia namba baadaye. Huenda ni vyote vitatu kwa pamoja. Ila sasa unaona jinsi ulivyotoka kwenye "nimeshindwa" ukafika kwenye maswali matatu yanayoweza kupimwa kwa vifaa vilivyomo kwenye kabati la shule yako. Kama ungeibadilisha 2.3 ikawa 2.0, kiazi cha Makete kingefutika kwenye daftari na maswali yote matatu yangeondoka nacho.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanigusa.

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja ya mkoa huu, tulichemsha mate kwenye neli ya majaribio ili kuharibu kimeng'enya kinachovunja wanga. Tuliambiwa tuandike joto la maji yakichemka. Kipimajoto chetu kilipanda kikasimama kwenye 94. Tulisubiri. Tukaongeza moto, maji yakarukaruka na kuzima nusu ya jiko, kipimajoto kikabaki 94. Tukachungulia kwa kundi la jirani, 94. Kundi la nyuma, 94. Tukaangaliana, kisha darasa zima tukaandika 100, na darasa zima tukapata vema. Hakuna aliyetuuliza kitu, na sisi hatukuuliza.

Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku juu inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji yanachemka karibu na nyuzi 94. Vipimajoto vyote vilikuwa sahihi siku ile. Mama zetu walikuwa wakiliishi jambo hilo kila siku: maharage yanayoiva upesi Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, yanakula kuni nyingi Makete, kwa sababu maji yanayochemka Makete yana joto pungufu. Tulikuwa watoto wa miaka 15, tumeshika mkononi maelezo ya sufuria za mama zetu, tukayafuta kwa kifutio ili tufanane na kitabu. Niliielewa siku ile miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, na bado inaniuma.

Nawe uko Iringa, mji ambao una historia yake katika mambo haya. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba mkoani Tanga, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye jokofu ukiwa bado wa moto, akakuta wake umeganda kabla ya wa mwenzake ambaye hakuuchemsha kabisa. Mwalimu wake akamwambia amejichanganya. Alipokuja shule ya Mkwawa, hapo Iringa, kwa kidato cha tano na sita, siku moja aliikuta maabara ya baiolojia iko wazi na haina mwalimu. Akachukua vyombo viwili vidogo, kimoja akatia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka kwenye jokofu la maabara hiyo. Baada ya saa moja barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye kile cha maji ya moto. Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu kilichokuwa Dar es Salaam, alipokwenda pale kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akamuuliza swali lake, wenzake wakamcheka.

Kinachonihusu zaidi ni kilichofuata. Osborne alirudi Dar akamwomba fundi wa maabara alijaribu jambo hilo. Fundi akaleta majibu kwamba kweli maji ya moto yalianza kuganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Soma tena sentensi hiyo ya fundi. Ndiyo hiyohiyo waliyoifuata wenzako, tofauti ni kwamba wao hawakupoteza hata muda wa kurudia. Osborne aliyaheshimu matokeo, na mwaka 1969 makala yake pamoja na Mpemba ikachapishwa kwenye jarida la Physics Education. Mabishano hayajaisha mpaka leo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walirudia kwa uangalifu, hawakuliona jambo hilo likijitokeza kwa uhakika, na walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo kunabadilisha jibu. Waliweza kubishana naye kwa sababu aliandika alichokiona na akasema alifanyaje.

Turudi kwenye daftari lako. Usifute kitu. Chini ya jedwali la gramu chora jedwali la asilimia. Chora grafu mbili za rangi tofauti, moja ya kiazi cha jikoni yenye nukta tatu na nyingine ya kiazi cha Makete yenye nukta mbili, wala usiziunganishe. Kwenye majadiliano andika kwa maneno yako kitu cha namna hii:

"Mmumunyo ulitengenezwa kwa kuongeza sukari kwenye lita moja ya maji, kwa hiyo ukolezi halisi ni pungufu kwa karibu asilimia 17 ya ulioandikwa. Vipande vya 0.6 na 0.8 vilitoka kwenye kiazi tofauti, kilicholetwa kutoka Makete. Badiliko la gramu 0.1 ni dogo kiasi kwamba mizani iliyotumika haiwezi kulitofautisha vizuri na sifuri. Kwa sababu hizo ukolezi wa seli unaweza kukadiriwa kwa kiazi cha kwanza pekee, nao uko karibu na mola 0.4."

Sentensi nne tu. Mimi ningekuwa nasahihisha, ningezipa alama nyingi kuliko grafu yoyote iliyonyooka.

Kisha mwendee mwalimu wako. Nenda wakati yuko peke yake, si mbele ya darasa, na habari za wenzako usizitaje kabisa, hizo si zako kuzipeleka. Mwombe dakika tano, mwonyeshe hesabu ya asilimia na ile ya sukari, mwombe ruhusa ya kurudia jaribio siku ya Jumamosi. Mwalimu mwenye madaftari sitini mezani husahihisha kwa kutafuta namba anayoitarajia. Nimefanya hivyo miaka mingi, na kila nilipofanya hivyo kuna mtoto nilimwonea. Akikuongezea alama, vizuri. Asipokuongezea, hiyo 8 iache ilivyo na urudie jaribio vilevile.

Ukirudia, tumia kiazi kimoja kikubwa kwa vipande vyote. Menya ganda lote, maana ganda huzuia maji. Kata kwa wembe mkali na rula, vipande vya urefu na unene mmoja, vitatu kwa kila chombo. Vikaushe vyote kwa namna moja: vizungushe juu ya tishu kila upande mara moja, bila kuvikamua, na mtu mmoja afanye kazi hiyo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mikono miwili haikaushi sawa. Ongeza chombo cha 0.3. Kama ratiba inaruhusu acha vipande kwa saa mbili badala ya dakika 40, ili badiliko liwe kubwa kuliko kosa la mizani. Ukimaliza, chukua vipande vitatu vya kiazi kingine uvitie kwenye 0.4 sambamba na vya kwanza. Hapo kitakachotofautiana ni kiazi peke yake, na utakuwa na jibu lisilohitaji kubahatisha.

Kuhusu udaktari nitasema machache. Mgonjwa anakuja na homa, anatetemeka, daktari ana hakika ni malaria, kipimo kinarudi kinasema hakuna. Daktari aliyezoea kurekebisha namba zisizompendeza atampa dawa ya malaria mtu mwenye homa ya mapafu. Mwingine atarudia kipimo, kisha ataanza kutafuta upya. Na ile osmosisi utaikuta wodini kila siku: dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, kiasi kinacholingana na ukolezi wa damu, kwa sababu seli nyekundu zikizungukwa na maji matupu huvimba na kupasuka. Atakayeitengeneza lazima ajue tofauti ya lita ya maji na lita ya mmumunyo. Wewe umeijua ukiwa kidato cha tano, kwa kiazi.

Kabla ya yote hayo, fanya kipimo cha Benedict, kile cha kutambua sukari kwa dawa inayobadilika rangi, wiki hii kama kiazi cha Makete kimebaki. Kikikaa kwenye joto wiki mbili tatu sukari yake hupungua tena, na ushahidi utakuwa umeondoka. Ponda kipande cha gramu 2 kutoka kila kiazi, vipande ambavyo havijaingia kwenye sukari, tia maji kiasi kilekile na Benedict kiasi kilekile, viweke vyote viwili kwenye maji yanayochemka kwa dakika tano. Sukari ya dukani yenyewe haibadilishi Benedict, lakini glukosi na fruktosi hubadilisha: kutoka bluu kwenda kijani, njano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali kadiri sukari inavyozidi. Andika rangi za neli zote mbili wakati bado unaziangalia, kisha uniandikie, hata kama zote zitabaki bluu.